Nyanya za ndooni: soma dalili kabla ya kukimbilia dawa

Mnyanya uliopandwa kwenye ndoo ya lita 20 hauna pa kukimbilia. Shambani mzizi ukikosa maji hapa, huteremka au hutambaa pembeni. Ndooni ukigonga ukuta, umefika. Ndiyo maana mimea ya nyumbani huonyesha dalili za kutisha ndani ya siku mbili tatu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya hayo yanayoitwa magonjwa si magonjwa hata kidogo. Ni maji, mbolea, jua na ukubwa wa chombo. Mtu huenda duka la pembejeo na jani la manjano mkononi, hurudi na pakiti ya dawa ya ukungu, hupuliza, jani la pili hugeuka manjano, hupuliza tena. Kumbe mmea ulikuwa unadai tundu la kutolea maji.

Basi fedha ya dawa ikae mfukoni kwanza. Chunguza mmea asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, kwa mambo manne: dalili imeanzia wapi (chini, juu, upande mmoja au kwenye tunda), imechukua siku ngapi kufika ilipo, udongo una unyevu gani ukichomeka kidole hadi kifundo cha pili, na chini ya jani kuna nini. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Wadudu wengi wa nyanya hukaa upande wa chini wa jani, na anayetazama kwa juu tu haoni kitu.

Mahali dalili ilipoanzia panaeleza mengi. Naitrojeni, potashi na magnesi huhamahama ndani ya mmea: vikipungua, mmea huvinyonya kutoka majani mazee na kuvipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo njaa yake huonekana chini. Madini ya chuma na kalsiamu yakishakaa mahali hayahami, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu au kwenye tunda. Vimelea vya ukungu vinavyorushwa na matone ya maji kutoka udongoni hushika majani ya chini kwanza. Virusi hujitokeza kwenye ncha changa. Ukilishika hili, nusu ya kazi imekwisha.

Mmea umenyauka

Uliza kwanza: udongo ni mkavu au umelowa?

Ukiwa mkavu, jibu unalo, lakini kuna mtego mmoja. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa hukataa maji. Ukimwagilia, maji huteremka kati ya udongo na ukuta wa ndoo, yakatoka chini, nawe ukadhani umelowesha. Chimba sentimita 10 utakuta vumbi. Mwagilia polepole mara tatu, ukipumzika dakika 15 kila mara, au itumbukize ndoo kwenye beseni lenye maji kwa nusu saa inywe kwa chini. Mmea mkubwa wenye matunda, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Januari, unaweza kunywa lita 2 hadi 4 kwa siku. Kikombe kimoja cha jioni hakiutoshi.

Ukinyauka saa saba mchana na kusimama tena jioni, usiutie maji kwa hofu. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta, basi. Hata hivyo angalia ndoo nyeusi iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji: hupika mizizi. Izungushie gunia kuukuu au uipake chokaa nyeupe, na uiinue kwa matofali mawili.

Udongo uliolowa na mmea ulionyauka ni habari nyingine. Hapa mizizi imekosa hewa, imeanza kuoza, na haiwezi tena kuvuta maji yaliyoizunguka. Ukimwagilia zaidi unaumaliza. Inua ndoo, chomeka msumari kwenye matundu ya chini. Mara nyingi utakuta tundu moja dogo katikati, nalo limezibwa na udongo. Ndoo ya lita 20 inahitaji matundu 6 hadi 8 ya milimita 10, na mengine manne ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu ndoo inapokaa sakafuni matundu ya kitako hujiziba. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia na ukiivuta ganda hutoka mkononi likabaki uzi. Kama nusu bado ni myeupe, acha kumwagilia siku mbili tatu, weka mmea kivulini mchana, utapona. Udongo wa mfinyanzi mtupu uubadilishe: sehemu mbili udongo wa juu wa shamba, moja samadi iliyoiva, moja mchanga mnene au pumba za mpunga zilizounguzwa.

Kuna mnyauko wa tatu, ambao ni ugonjwa wa kweli. Jana mmea ulikuwa mzima, leo majani yamelegea yakiwa bado ya kijani, jioni hausimami, kesho kutwa umekufa. Huo ni mnyauko bakteria, na unapenda joto na unyevu. Hakikisha kwa glasi ya maji:

Kata kipande cha shina cha sentimita 8 hivi kutoka karibu na udongo. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini ikiwa imezama sentimita 2 au 3, bila kutikisa. Tazama dhidi ya mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe kama za moshi wa maziwa zikiteremka polepole kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni bakteria. Maji yakibaki safi, tafuta sababu nyingine.

Hakuna dawa ya kuuponya. Usipoteze hata shilingi. Ng'oa mmea pamoja na udongo wake, usiutupe kwenye mboji, na maji yaliyotoka kwenye ndoo hiyo yasitiririkie ndoo ya jirani. Kisu na mkasi uvisafishe kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji. Udongo huo usiupandie bilinganya, pilipili, hoho wala viazi mviringo, maana wote ni ukoo mmoja na nyanya.

Mnyauko fuzari huenda taratibu zaidi. Majani ya chini hugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja tu wa mmea, hata upande mmoja tu wa jani. Pasua shina kwa urefu karibu na udongo: chini ya ganda utaona mistari ya kahawia, huku katikati pakiwa peupe. Huu nao hauponi, ila unazuilika kwa mbegu. Kwenye pakiti ya mbegu, herufi zilizoandikwa baada ya jina la aina si mapambo: F ni ustahimilivu dhidi ya fuzari, V ni mnyauko wa vetisili (ukungu mwingine wa udongoni), N ni minyoo fundo, TY ni virusi vya rasta, vile vinavyokunja majani ya ncha. Ukishapoteza mmea kwa ugonjwa mmoja, nunua herufi yake.

Minyoo fundo yenyewe huonekana ukishang'oa. Mmea umedumaa wiki kadhaa, unanyauka kila mchana, ukipewa mbolea haubadiliki. Mizizi ina vinundu kama shanga zilizofungwa kwenye uzi. Vinundu hivyo ni uvimbe wa mzizi wenyewe, havibanduki. Ukikuta vinavyobanduka kwa ukucha, hivyo ni vya jamii ya kunde iliyopandwa humo kabla, na havina ubaya.

Majani ya chini yanageuka manjano

Jani moja mawili ya chini kabisa, kwenye mmea wenye matunda, ni uzee. Yakate uendelee na shughuli zako.

Yakigeuka manjano sawasawa, mshipa na nyama, na mmea mzima ukapauka, ni njaa ya naitrojeni. Ndooni hutokea kwa wingi baada ya wiki ya tano au ya sita, kwa sababu kila umwagiliaji unaosha mbolea ikatokea chini. Kijiko kimoja cha chai cha CAN (mbolea ya naitrojeni), takriban gramu 5, kinyunyizwe kwa duara sentimita 10 kutoka kwenye shina, kifukiwe kidogo, kisha mwagilia. Rudia baada ya wiki mbili. Si kila siku tatu.

Manjano kati ya mishipa, mishipa ikabaki kijani kama mifupa ya samaki, ni magnesi. Chumvi ya Epsom (magnesi salfati), kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, ipulizwe jioni juu ya majani, mara mbili kwa kupishana wiki moja. Usiichanganye na chumvi ya mezani. Kuna waliofanya hivyo na mmea ukafa.

Kingo za jani zikigeuka manjano kisha kuungua kahawia, huku katikati pakibaki kijani, fikiria potashi. Lakini kabla ya kuongeza chochote angalia ukingo wa ndoo. Ukiona utando mweupe kama chumvi iliyokauka, kosa ni la kuzidisha, si la kupungukiwa. Huwapata sana wanaomwagilia maji ya kisima yenye chumvi pwani, na wale waliojaza ndoo samadi ya kuku mbichi. Osha udongo: lita 40 za maji baridi yasiyo na chumvi kwa ndoo ya lita 20, yamwagwe polepole yakitokea chini, kisha mbolea isitishwe wiki mbili. Samadi ya kuku ikae miezi miwili hadi mitatu ikigeuzwa, hadi isitoe harufu kali wala joto, ndipo iingie ndooni.

Majani *machanga* yakiwa ya manjano, hata meupe, na mishipa ya kijani, ni madini ya chuma. Zanzibar, Mombasa na sehemu za Dar zenye udongo wa mawe ya matumbawe hili ni la kawaida: chuma kimo udongoni, lakini chokaa ya matumbawe imekifunga, mmea haukipati. Ukimwaga misumari yenye kutu kwenye ndoo, kama watu wanavyoshauriana, hubadilishi kitu, kwa sababu nacho kitafungwa vilevile. Tumia mbolea ya majani yenye madini ya chuma, na ukiweza, mwagilia maji ya mvua. Udongo uliotota daima huleta sura hiyohiyo, kwa hiyo matundu ya ndoo yakaguliwe kwanza.

Rangi ya zambarau chini ya majani ya miche ni fosforasi. Nyanda za baridi, Njombe, Lushoto au Limuru mwezi Julai, mzizi hushindwa kuinyonya hata ikiwepo. Kukipata joto rangi hupotea yenyewe.

Mabaka

Bakajani ziko mbili, na kuzichanganya kunagharimu.

Bakajani tangulia huanzia majani ya chini. Baka ni la kahawia, kavu, na ndani yake kuna duara juu ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Pembeni huzungukwa na manjano. Huenda polepole, na kwa mmea wa nyumbani mkasi unatosha: kata majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka kwenye udongo, tandaza nyasi kavu sentimita 5, mwagilia udongo na si majani. Kinachokatwa hapa ni njia ya ukungu, ambao hupanda na matone yanayoruka kutoka chini.

Bakajani chelewa haitaki mzaha. Mabaka yake ni makubwa, ya kijani kilichoiva kisha meusi, yanaonekana kama yamechomwa na maji ya moto. Asubuhi na mapema, upande wa chini wa jani, pembezoni mwa baka, utaona utando mweupe mwembamba. Shina huwa na michirizi ya kahawia iliyokolea, na tunda bichi hupata baka gumu la kahawia. Hupenda ubaridi wa nyuzi 15 hadi 22 na majani yaliyolowa. Ukungu wa asubuhi wa Nairobi na Arusha msimu wa baridi ndio chakula chake. Kimelea hiki ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Mmea ulioshikwa leo unaweza kuisha ndani ya wiki.

Hapa dawa ina nafasi, ila ielewe. Mankozebu ni ngao: hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu ya ukungu isiote. Ugonjwa ukishaingia ndani, haiufikii. Hupulizwa kabla, siku mvua na baridi zinapoanza, kwa kawaida gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20, yaani gramu 2 hadi 2.5 kwa lita. Ugonjwa ukishaonekana, kinachofaa ni mchanganyiko wenye kiambato kinachoingia ndani ya mmea, kama metalaksili pamoja na mankozebu. Soma kibandiko uone siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya za nyumbani huchumwa kila baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo dawa yenye siku saba za kusubiri maana yake ni wiki nzima bila kuchuma. Kwa mmea mmoja ulioshikwa vibaya, kuung'oa ni nafuu kuliko dawa. Bora zaidi, ndoo ina faida ambayo shamba halina: ihamishie chini ya upenu, majani yasilowe, na ugonjwa unakosa pa kuanzia.

Unga mweupe juu ya jani kama umemwagikiwa na unga wa muhogo ni ubwiri unga. Wenye mikorosho kule Mtwara na Lindi wanaujua vizuri ndugu yake, na dawa ni ileile, salfa. Usiipulize joto likizidi nyuzi 32, huunguza.

Ncha imejikunja

Picha ya jani lililojikunja haitoshi kutoa hukumu. Kuna mikunjo minne tofauti kabisa.

Majani ya chini na ya kati yamejiviringisha kwenda juu kama sigara, ni mazito, magumu kama ngozi, lakini kijani chake kizuri na mmea unazaa. Huo ni mkunjo wa mazingira, huja baada ya joto kali, kukata matawi mengi kwa mkupuo, au maji ya kubadilikabadilika. Uache.

Majani ya *juu* ni madogo, yamejikunja kama kijiko, kingo za manjano, mmea umesimama kukua na umejaa vitawi vifupi kama nywele za rasta. Ndiyo rasta yenyewe, kama wakulima wanavyouita. Ni virusi, na hubebwa na inzi weupe. Tikisa mmea: vikiruka vidudu vyeupe kama majivu, mbebaji bado yupo. Mmea ulioambukizwa ukiwa mchanga hauzai kitu cha maana na hauponi. Usiung'oe hivihivi, maana inzi watahamia mmea wa pili wakiwa na virusi midomoni. Asubuhi na mapema, wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, ufunike mmea mzima kwa mfuko wa plastiki, funga shingoni, kata, kisha acha mfuko juani siku nzima. Miche inayofuata ikuzwe ndani ya chandarua chenye matundu madogo sana; kile cha mbu cha kawaida inzi weupe hupita. Vipande vya plastiki ya njano vilivyopakwa grisi, vikining'inizwe usawa wa ncha ya mmea, hunasa wengi na zaidi ya hapo hukuonyesha idadi yao inapanda lini.

Majani membamba, marefu, yamepinda kama ya makangaga ya msituni, na shina limejinyonga: hii ni dawa ya magugu. Imetoka wapi wakati hukupuliza? Pengine bomba uliloazimwa lilitumika shambani kwa 2,4-D. Pengine nyasi za kutandaza zilitoka penye majani yaliyopulizwa, au samadi ni ya ng'ombe aliyekula malisho hayo. Kama mmea ulipata kidogo, machipukizi mapya baada ya wiki mbili au tatu yatakuwa ya kawaida. Samadi yenye shaka ijaribu kwanza kwa kupanda maharage matatu kwenye kopo. Yakiota yakiwa yamepinda, usiitumie.

Mkunjo wa nne ni wa utitiri mdogo usioonekana kwa macho: ncha imekakamaa, inang'aa rangi ya shaba, majani hayafunguki. Kata ncha hiyo, choma, puliza salfa.

Vitone, michoro, mashimo

Utitiri mwekundu ndio mdudu wa roshani na baraza. Jani linaonekana lina vumbi, kumbe ni vitone vidogo vya manjano maelfu. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, gonga jani mara mbili, subiri. Punje zikianza kutembea, umempata. Hupenda ukavu na joto, na mahali pasipofikiwa na mvua, kwa hiyo upenu uliokuokoa na bakajani chelewa ndio unaomfuga huyu. Maji yenye nguvu chini ya majani, asubuhi tatu mfululizo, hupunguza wengi. Kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 5 kwa lita moja ya maji, jioni, chini ya majani, rudia kila siku ya nne mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai. Jaribu kwanza kwenye majani mawili usubiri siku moja. Sabuni ya unga ya kufulia haifai. Na usipulize dawa kali za wadudu za jumla: huua wadudu wanaokula utitiri, kisha utitiri unarudi mara mbili.

Kantangaze ni mnyama mwingine. Nondo huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, alivuka kuingia Hispania 2006, na 2014 akawa ameshafika Kenya na Tanzania. Funza wake anakula ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akiacha dirisha pana la uwazi lenye vinyesi vyeusi ndani. Usimchanganye na mdudu mchoraji wa kawaida, ambaye huacha mstari mwembamba unaozungukazunguka kama mto kwenye ramani. Huyo haingii kwenye tunda. Kantangaze huingia, mara nyingi chini ya kikonyo, kwa tundu dogo kama la pini.

Shika jani lenye dirisha ulielekeze juani. Funza akiwemo utamwona kama kivuli, kijani chenye kichwa cheusi, urefu usiozidi milimita 8. Kwenye mimea minne mitano, kidole ndiyo dawa bora: minya dirisha, au kata jani. Yaliyokatwa na matunda yaliyotobolewa yaingie mfuko uliofungwa, ukae juani wiki nzima. Ukiyatupa kwenye mboji umewafuga. Ukizidiwa, tumia dawa ya bakteria aina ya Bt au mafuta ya mwarobaini, jioni, kila siku ya tano hadi ya saba, funza wakiwa bado wadogo. Amejenga usugu kwa dawa nyingi za kemikali, kwa hiyo jirani anayepuliza kila siku tatu bila mafanikio si kwamba anakosea kipimo tu.

Mche uliokatwa usiku kama kwa mkasi usawa wa ardhi ni kazi ya sota. Chimbua sentimita 3 kuzunguka mche, utamkuta amejikunja. Kata kikombe cha plastiki kitako na uuvishe mche unaofuata, nusu ya kidole chini ya udongo.

Maua yanapukutika

Usiku ukizidi nyuzi 24 na mchana 33 au zaidi, chavua hufa na ua hudondoka na kikonyo chake. Dar, Tanga na Mombasa kati ya Desemba na Machi ndivyo kulivyo, na hakuna kirutubisho cha kulirekebisha. Hesabu siku: nyanya huchanua takriban wiki sita hadi nane tangu mbegu kuatikwa, kwa hiyo anayeatika mbegu Aprili anapata maua wakati wa ubaridi wa kusi. Aina za matunda madogo huvumilia joto zaidi.

Kama hakuna joto, tazama ukubwa wa majani. Mmea mnene wa kijani cheusi wenye maua machache umeshiba urea; isitishe. Kama kivuli kinaufunika zaidi ya nusu siku, usogeze, unahitaji saa sita za jua. Na kama uko ndani ya chandarua au roshani iliyozibwa, hakuna upepo wa kutikisa chavua: gonga kamba ya mmea kwa kidole saa nne asubuhi, kila siku ya pili.

Tunda

Kitako cha tunda kinageuka cheusi, kikavu, kinabonyea, na matunda ya kwanza ndiyo yanayoathirika zaidi, hasa yale marefu ya umbo la yai. Watu huita ugonjwa. Hakuna kimelea. Kalsiamu husafiri na maji tu, na kitako ndiyo stesheni ya mwisho. Siku moja ya ukavu wakati tunda ni dogo kama golori inatosha kukiua, nawe ukaja kuona wiki mbili baadaye. Kwa hiyo ukiona leo, kumbuka ulisafiri lini. Maganda ya mayai yaliyosagwa ni sawa kwa mboji, lakini huchukua miezi mingi kuoza na hayaliponyi tunda la msimu huu. Kinachofanya kazi ni maji kwa saa ileile kila siku, matandazo, na kupunguza urea. Matunda yaliyoathirika yachume, hayatapona. Sehemu nzima inalika.

Kupasuka ni kinyume chake: ukavu, halafu mvua kubwa, ganda halikuwahi. Mvua ikitangaza kuja, chuma yote yaliyoanza kuwa na wekundu. Yataiva ndani kivulini bila kupungua ladha kwa kiasi cha kulalamikia.

Baka jeupe kama karatasi upande unaotazama magharibi ni jua, baada ya kukata majani mengi mno. Mabega ya njano yasiyoiva, au nyanya inayobaki ya chungwa, ni joto pia: rangi nyekundu haitengenezwi vizuri ikizidi nyuzi 30.

Miche inayoanguka kitaluni

Shingo imenyongeka na kuwa nyembamba kama uzi, mche umelala: kinyausi. Ulioanguka hauinuki. Iliyobaki ipunguze isisongamane, iache udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia, toa kifuniko hewa ipite. Safari ijayo udongo wa kitalu upashwe moto kwenye sufuria iliyofunikwa, ukiwa na unyevu, nusu saa tangu mvuke uanze kutoka.

Udongo wa mmea uliokufa

Ukifa kwa kukosa maji, utumie tena. Ukifa kwa minyoo fundo au fuzari, ulowanishe, ujaze kwenye mfuko wa plastiki *angavu*, usambazwe unene usiozidi sentimita 15, ufungwe na kulazwa juani wiki nne hadi sita, ukigeuzwa katikati. Plastiki nyeusi haipashi joto udongo kiasi hicho. Baada ya hapo ongeza mboji sehemu moja kwa nne na upande vitunguu au mahindi msimu mmoja kabla ya kurudisha nyanya. Ukifa kwa mnyauko bakteria, ndoo isuguliwe kwa klorini ikaushwe juani, na udongo ufukiwe mbali na bustani, mahali ambapo maji ya mvua hayateremki kuelekea mimea mingine.